Chakula cha Kihamba na Habari za Lehemu Katika Uchagga

Neno lehemu ni la zamani katika Kiswahili, nalo ni neno la mafundi. Ni ile risasi laini ambayo fundi bati huiyeyusha kwa moto apate kuunga kipande na kipande. Siku hizi wataalamu wa lishe wa Tanzania wamelitwaa neno hilo na kulipa kazi nyingine, yaani kuitaja ile namna ya shahamu iliyomo katika damu, ambayo wengine huiita kolesteroli. Aliyelihamisha hakukosea sana, kwa kuwa shahamu hiyo ikizidi hushika kando za mishipa kama risasi ishikavyo bati, na hatimaye huweza kuziba njia ya damu iendayo moyoni. Lakini jina lina upungufu mmoja. Laifanya lehemu ionekane kuwa ni uchafu utokao nje, hali sehemu yake kubwa hutengenezwa na ini lenyewe, wala mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Ubaya wake ni kuzidi kiasi.

Nia yangu katika maelezo haya ni kutazama jinsi watu wa mteremko wa Kilimanjaro walivyokula na walivyofanya kazi zamani, na jinsi mambo hayo yalivyobadilika, ili ionekane kwa nini madaktari wa leo wanaoshughulika na lehemu wamerudi kukitazama chungu cha bibi wa Kichagga.

Kihamba kiko katika ukanda wa mlima ulio baina ya mita 1,000 na 1,800 hivi juu ya bahari. Ndani yake zimo ndizi, na chini ya migomba maharage, magimbi, viazi vikuu na mboga za majani, na tangu mwisho wa karne ya 19, kahawa. Maji yalifika kwa mifereji iliyochimbwa na koo na kutunzwa kwa zamu. Chakula cha kila siku kilikuwa ndizi mbichi zilizopikwa, mara nyingi pamoja na maharage, chakula kiitwacho kiburu. Ulezi ulilimwa chini penye joto, nao ulitumika hasa kwa mbege, pombe ya ndizi ambayo bila ulezi si mbege. Ng'ombe na mbuzi walikuwapo, lakini walifungwa ndani na kulishwa humo, tena walikuwa wachache. Nyama ililiwa penye sherehe na tambiko, na kila kipande kilikuwa na mwenyewe kwa mujibu wa ukoo na umri. Mtori wenye nyama na samli ulikuwa heshima ya mzazi aliyelala kitandani baada ya kujifungua. Mtu mzima mwenye afya hakuutazamia kila siku.

Tukilipima jambo hili kwa elimu ya leo twaona mengi. Ndizi mbichi haina shahamu ila chembe ndogo sana. Maharage yana nyuzinyuzi za namna iyeyukayo katika maji, nazo tumboni hushikana na nyongo na kutoka nayo. Basi ini hulazimika kutengeneza nyongo nyingine, na kwa kazi hiyo huchota lehemu katika damu. Hapana mtu wa Kibosho wala wa Marangu aliyeijua hesabu hiyo. Alikula kiburu kwa sababu ndicho kilichokuwapo.

Kahawa nayo ina kichekesho chake. Ikichemshwa na kunywewa bila kuchujwa kwa karatasi hupandisha lehemu, na watu walioipanda mlima mzima hawakuwa wanywaji wake wakubwa. Waliiuza.

Lakini chakula kilikuwa nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni mteremko wenyewe. Mchagga ana kihamba juu, na akisema "shamba" mara nyingi maana yake ni kule chini, kwenye tambarare, alikolima ulezi na baadaye mahindi. Baina ya pande hizo mbili hapakuwa na gari. Wanawake waliteremka alfajiri kukata majani ya kulisha ng'ombe, wakapanda nayo kichwani mzigo mzito, na kesho yake wakarudi tena. Soko nalo lilitaka miguu. Tunapoambiwa leo kwamba mtu atembee nusu saa kwa siku apate kuinua ile lehemu iitwayo njema na kupunguza shahamu nyingine za damu, yafaa tukumbuke kwamba kwa mama huyo nusu saa haikumfikisha hata kwenye majani.

Hata hivyo sipendi msomaji adhani kwamba nasifu zamani zote. Chungu kile kile kilichomlinda mzee hakikumtosha mtoto aliyeachishwa ziwa, kwa kuwa ndizi hujaza tumbo upesi na haina utomvu wa kutosha wa kujenga mwili. Mwaka 1975 Marja-Liisa Swantz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha uchunguzi juu ya utapiamlo katika Wilaya ya Moshi, mahali ambapo nchi nzima ilipahesabu kuwa pa neema. Kihamba kilikuwa kimegawanywa baba kwa mwana hadi kikawa kijipande, na kahawa ilikuwa imekalia nafasi ya chakula. Mwenye kutaka kurudisha chakula cha kale na alikumbuke jambo hili.

Madaktari walianza kuuliza habari za moyo wa Mwafrika wa Mashariki mapema kidogo. Mwaka 1959 A. G. Shaper na K. W. Jones walichapisha uchunguzi wao wa Kampala. Waafrika wa huko, ambao wengi wao chakula chao ni matoke, binamu wa ndizi za Uchagga, walikuwa na lehemu ndogo, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa karibu haujulikani kwao. Wahindi wa mji ule ule walikuwa na lehemu nyingi zaidi, na ugonjwa huo uliwaua. Hewa ilikuwa moja na mji mmoja, basi ilikuwa vigumu kuyasingizia mambo hayo mawili.

Miaka ile ile ya 1960 George Mann, daktari wa Marekani, alikwenda kwa Wamasai wa Tanganyika, majirani wa Wachagga kwa upande wa nyika. Hapo ndipo fumbo lilipoanza, kwa sababu Wamasai waliishi kwa maziwa na nyama, vyakula ambavyo kwa kawaida hupandisha lehemu, na juu ya hayo alikuta lehemu yao ni ndogo. Mwaka 1972 alitoa habari za mioyo 50 iliyochunguzwa baada ya kifo. Mishipa ilikuwa na unene wa ugonjwa kama ya wazee wa Kimarekani, lakini ilikuwa mipana, hata damu ikapita. Mann alisema upana huo ni kazi ya miguu. Wengine walisema ni maumbile ya mwili wao, na mabishano hayo hayakwisha upesi. Mwaka 2010 uchunguzi mwingine uliofanywa Tanzania ulionyesha kwamba Wamasai walitumia kwa siku nguvu ya kalori 2,565 zaidi ya ile ihitajiwayo na mwili uliotulia, watu wa vijijini 1,500, na watu wa mjini 891. Kwa maoni yangu hesabu hizi tatu zaeleza zaidi ya kurasa nyingi.

Katika vijiji vya Kilimanjaro wenyewe, pamoja na vya Morogoro na Mara, A. B. Swai, H. M. Kitange, D. G. McLarty na wenzao walipima maelfu ya watu, na mwaka 1993 wakachapisha kwamba mambo yaletayo ugonjwa wa mishipa ya moyo bado yalikuwa haba.

Lakini mabadiliko yalikuwa yamekwisha anza siku nyingi. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Mwaka 1930 shamba kubwa la miwa lilianzishwa Arusha Chini, na mwaka 1933 chama cha ushirika cha KNCU kiliundwa, kikaleta fedha za kahawa nyumbani kwa mkulima mdogo. Fedha hizo zilijenga shule na nyumba za bati, nazo zilinunua sukari, unga wa ngano, mchele na mafuta. Kila kitu kilipokelewa kuwa ni maendeleo, na kwa kweli kilikuwa hivyo. Nani angemlaumu mama aliyetua mzigo wa majani akapanda gari? Baadaye bei ya kahawa ilianguka, vijana wakateremka mjini, na leo mwana wa kihamba huonja ndizi za kwao hasa mwezi wa Desemba, wakati mlima unapojaa wageni wa nyumbani, na hata hapo aghalabu huzungukwa na mbuzi wa kuchoma.

Hapo ndipo hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, inapoingia katika historia hii. Watafiti wa huko, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, walionyesha mwaka 2021 kwamba damu ya watu wazima wa mjini, japo hawaumwi, ina dalili za mwili unaowaka moto ndani kwa ndani, kuliko ya watu wa vijijini. Moto huo ndio unaosaidiana na lehemu kuharibu mishipa. Mwezi wa Aprili 2025 walichapisha jaribio lililo bora zaidi. Wanaume 77 walishiriki. Watu 23 wa kijijini walipewa kwa majuma mawili chakula cha kizungu, kama soseji, mkate mweupe na chipsi. Watu 22 wa mjini walirudishwa kwenye ndizi, maharage, mboga na ulezi. Wengine 22 walikunywa mbege kwa juma moja, na waliosalia hawakubadilisha kitu.

Wale wa kijijini waliongezeka uzito, dalili za moto zikapanda, na kinga yao ikalegea. Wale wa mjini dalili zao zilishuka. Hao ni wanaume tu, tena wachache, na jaribio hilo halikulenga lehemu peke yake. Tena wako watu waliorithi lehemu nyingi kwa wazazi wao, ambao kiburu na miguu haviwatoshi, na mgonjwa wa moyo asiiache dawa ya daktari kwa sababu amesoma habari za mababu. Mbege pia ni pombe, na anayeinywa kwa wingi atapata madhara ya pombe.

Baada ya majuma mawili kila mtu alirudia chakula chake. Majuma manne baadaye walipimwa damu tena, na baadhi ya mabadiliko yale yalikuwa yangalimo.