Tulionyonya Ziwa Moja

Ndugu msikilizaji, na wewe unayeyasoma maneno haya gazetini, leo nitazungumzia nyimbo. Lakini nitaanzia kwenye kikombe.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mjomba wangu alirudi nyumbani Buzuruga kutoka visiwani, alikokwenda kutafuta maisha katika biashara ya sangara. Aliondoka kijana mwenye kifua kipana, akarudi amekonda, akikohoa usiku kucha. Hakuna aliyeutaja ugonjwa kwa jina. Ila haikupita wiki, akawa ametengewa sahani yake, kijiko chake na kikombe chake cha bati. Majirani waliokuja kumjulia hali waliishia mlangoni. Jioni moja, mbele ya watu wote, mama mkubwa alimimina chai katika kikombe kile, akanywa yeye kwanza, kisha akampa mdogo wake. Watu walipomkodolea macho, alisema neno moja tu: "Huyu nimenyonya naye ziwa moja."

Mjomba alifariki mwaka huohuo. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kama kumi, lakini kikombe kile sijakisahau, na kila ninapotafakari historia ya muziki wa kwetu kandokando ya Ziwa Victoria, hunijia akilini. Kwa sababu zilikuwapo nyimbo ambazo zilifanya alichofanya mama mkubwa.

Tukumbushane zama zenyewe zilikuwaje. Mwaka 1982 watu wa Kasensero, kijiji cha wavuvi huko Rakai, Uganda, walianza kufa kwa ugonjwa wa kukonda ambao hawakuufahamu. Mwaka uliofuata, 1983, wagonjwa wa kwanza wa Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera. Watu wa huko waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikipendwa sana na kuletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka ng'ambo ya mpaka. Ulikuja kama mgeni, kwa njia za biashara, na ukaingia nyumba kwa nyumba.

Ugonjwa huo uliwakuta watu waliokwisha kuchoka. Uganda ilikuwa imetoka kwa Idi Amin mwaka 1979 ikaangukia katika vita vingine hadi 1986. Sisi Tanzania tulikuwa tumepigana vita vya Kagera vya 1978 na 1979, tukarudi kwenye foleni za sukari, sabuni na unga. Tuliambiwa tufunge mikanda, tukafunga. Mwaka 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na baadaye wafanyakazi wakapunguzwa kazini kwa maelfu, na kuanzia 1993 mgonjwa akatakiwa kuchangia gharama za matibabu. Mwananchi aliyekuwa ameimba nyimbo za Azimio tangu 1967 alianza kujiuliza kama aliyeimba naye alikuwa anamaanisha.

Katika hali hiyo, nani angesadiki tangazo la afya? Vijana wa mjini waliuita Ukimwi ajali kazini. Herufi nne za jina lake la Kizungu, yaani AIDS, wakazipa maana yao: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Watu walicheka. Lakini ndugu msomaji, ukikitazama vizuri kicheko kile, kilikuwa cha mtu asiyetegemea tena kuambiwa ukweli na yeyote.

Ndipo alipotokea mwanamuziki mmoja wa Uganda, Philly Bongoley Lutaaya. Alizaliwa 1951, akapiga muziki nyumbani na nje, na miaka ya themanini alikuwa akiishi Stockholm, Sweden. Albamu yake ya Born in Africa ilikuwa imempa jina kubwa, na nyimbo zake za Krismasi kwa Kiganda zinapigwa Uganda kila Desemba mpaka leo. Angeweza kuugulia ugenini kimyakimya, akazikwa na heshima zake, na watu wakasema amekufa kwa malaria. Wengi wenye majina walifanya hivyo. Yeye, mwezi Aprili 1989, alisimama hadharani nchini mwake akasema: nina Ukimwi. Hakuna mtu mashuhuri wa Afrika aliyekuwa amethubutu kusema hivyo kabla yake.

Na unajua watu walimjibu nini? Wengi walisema anadanganya. Walisema amelipwa, au anatafuta soko la kanda zake. Hivyo ndivyo imani ilivyokuwa imekauka: mtu anaitangaza hukumu ya kifo chake mwenyewe, na wasikilizaji wanamuuliza anauza nini.

Lutaaya hakubishana nao. Aliingia studio akarekodi wimbo wa Alone, ambao unaanza katika upweke na hofu ya mgonjwa, kisha unageuka kuwa mwito kwamba watu wajitokeze na kushikana mikono. Akazunguka mashuleni na makanisani, akizungumza na vijana wenye umri wa watoto wake. Kila walipomwona tena alikuwa amepungua. Suruali zilimpwaya, sauti ikawa nzito kutoka. Wale waliosema anaigiza walinyamaza mmoja mmoja. Tarehe 15 Desemba 1989 alifariki dunia mjini Kampala, akiwa na miaka 38.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Watu wa zama zile hawakukosa maneno. Maneno walikuwa nayo mengi, ya majukwaani, ya mimbarini na ya redioni. Walichokosa ni mtu ambaye neno lake lilikuwa limemgharimu kitu. Lutaaya aliaminiwa kwa sababu hakuwa na faida aliyobakiza. Miezi yake ya mwisho, ambayo angeweza kuitumia kitandani akiwa na wanawe, aliwapa watu asiowajua. Wazee walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Yeye aliwafaa wengine ilhali dhiki ilikuwa yake.

Upande wetu wa ziwa tulikuwa na Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila. Watu walimwita Daktari. Aliimba habari za mnyonge asiye na mtetezi, na katika wimbo wake wa Kifo alizungumza na mauti ana kwa ana, akiyalalamikia kama unavyomlalamikia mwenye nguvu aliyekuonea. Katika miaka ambayo karibu kila mtaa ulikuwa na msiba, na watu waliketi kando ya redio kusikiliza matangazo ya vifo, wimbo ule ulikuwa kama mkono begani.

Kisha akaimba Mambo kwa Soksi, akiwahimiza watu watumie kondomu. Viongozi wengi wa dini walikuwa wakiipinga kondomu, na wimbo huo haukupewa nafasi katika Redio Tanzania. Ninasema haya nikiwa mtu wa redio, na ninaona haya kuyasema. Wakati huo bendi zilirekodia nyimbo zao katika studio za redio hiyo, na kupigwa hewani ndiko kulikomjaza mwanamuziki ukumbi. Kunyimwa hewa kulikuwa kunyimwa mkate. Remmy aliuimba hata hivyo, na kanda zikasafiri kwa mabasi. Mimi niliusikia kwa mara ya kwanza katika barabara ya Musoma, si katika redio ya nyumbani.

Mwaka 2001 Remmy alipatwa na kiharusi. Baadaye akageukia muziki wa injili. Wapo waliocheka wakisema mlevi wa dansi ameona mwisho unakaribia. Mimi sioni ajabu. Mtu aliyegombana na kifo katika nyimbo miaka yote ile alikuwa anazungumza na Mungu tangu zamani, ila hatukutambua. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010, na kituo cha daladala huko Sinza, Dar es Salaam, kinaitwa kwa jina lake.

Nyimbo hazikumponya mtu. Tuwe wakweli. Kazi hiyo ilifanywa na wengine, na Mwanza ina sehemu yake: utafiti uliofanyika vijijini mkoani mwetu kati ya 1991 na 1994 ulionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya virusi vya Ukimwi kwa asilimia 40 hivi. Matokeo hayo yalisomwa dunia nzima. Mwaka 2004 dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure nchini. Lakini dawa humfaa yule anayethubutu kwenda kuichukua, na mtu hathubutu kama anajua kwamba akirudi nyumbani atakuta kikombe chake kimetengwa.

Na hilo bado halijaisha. Hapahapa Mwanza wapo wanaopanda daladala wakaipita kliniki ya karibu, wakaenda ya mbali, ili wasionwe na jirani. Dawa zipo, tena za bure, lakini aibu ingali inatuuza. Vijana wetu wanadhani habari hii ni ya kale, na sisi wazazi tumewaachia wadhani hivyo.

Ukipata nafasi, ndugu yangu, mtafutie mwanao wimbo wa Lutaaya, umwambie aliyeuimba alilipa nini. Halafu mwambie na habari za watu kama mama mkubwa, ambao hawakurekodiwa na yeyote. Kasensero, Bukoba, Musoma, Kisumu, Mwanza, wote tuliozikwa na kuzika kandokando ya maji haya tumenyonya ziwa moja.

Hadi wiki ijayo, Mungu akitujalia.