Tope la Gazi ndani ya tarakilishi

Maji yakikupwa kule Gazi, tope la mikokoni hunuka yai viza. Harufu hiyo ni kazi ya bakteria wanaopumua salfeti badala ya oksijeni. Zamani ungewajua kwa kuwaotesha maabara, na wengi hawakubali kuoteshwa.

Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox walilinganisha molekuli moja, 16S, wakapanga upya ukoo wa viumbe. Mwaka 1982 ikafunguliwa GenBank, ghala la mifuatano ya DNA lililo wazi kwa wote.

Sasa mtazameni mtafiti wetu, Edith Muwawa. Mwaka 2016 yeye na wenzake waliandika juu ya bakteria wa matumbo ya mchwa, waliooteshwa na kuchunguzwa kwa njia ya kawaida ya maabara. Mwaka 2021, katika jarida huria la PLoS ONE, wakatoa kazi ya tope la Gazi na Mida Creek, kwenye mizizi ya mlilana, mkoko, mkandaa na mchu. Safari hii DNA ilitolewa moja kwa moja topeni, mashine ikasoma jeni ya 16S, na faili la herufi A, C, G na T likapewa tarakilishi. Hapo mtu wa bakteria amekuwa mwenzetu kabisa, wa kusafisha data na kungoja programu imalize! Jibu: aina ya mti na kemia ya tope vilieleza tofauti za bakteria kuliko mahali.

Lakini kuna jambo linanikera. Tangu 2013, kupitia Mikoko Pamoja, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanauza kaboni ya mikoko hiyo hiyo, na pesa huenda kwenye maji na shule. DNA ya tope lile lile ni bure. Sisemi ifungwe, mwanafunzi wa Msambweni huipakua sawasawa na profesa wa Boston. Ila nakumbuka Ziwa Bogoria: vijidudu vilichukuliwa 1992, vimeng'enya vyake vikaishia kupausha jinzi, na mwaka 2004 KWS ikalalamika kwamba haikutoa idhini.

Sisi wa programu huria tulilitatua zamani. Leseni ya GPL ya 1989 inasema chukua, badili, sambaza, lakini masharti yaende nayo. Mfuatano wa DNA hauna leseni ya namna hiyo. Kilichopo ni Mfuko wa Cali, uliozinduliwa Februari 2025, ambao kampuni zinazofaidika na data hizo zinatakiwa kuuchangia, na angalau nusu iwafikie wenyeji. Zinatakiwa, hazilazimishwi.