Tajiri wa Msafara na Nafsi Yake: Kasongo na Kabambare Kabla ya 1894

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Kasongo na Kabambare, miji ya kusini mwa Maniema iliyokuwa kwenye njia ya misafara baina ya Ziwa Tanganyika na mto Lualaba, iliwainua wafanyabiashara wa pwani kutoka uchuuzi hadi utawala. Ushahidi adimu wa namna mmoja wao alivyojiona upo katika maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, ambayo aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili na ambayo Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha mwaka 1902 na 1903.

Katika masimulizi hayo safari ya kupanda cheo inaanzia kwenye sandarusi, yaani utomvu mgumu wa miti uliouzwa ng'ambo, ambayo Hamed aliichuuza akiwa na umri wa miaka kumi na miwili pamoja na jamaa zake. Kipimo cha kukua kwake kilikuwa amana kuliko fedha mkononi, kwa kuwa matajiri wa Kihindi wa Unguja, Taria Topan akiwa mashuhuri kati yao, waliwakopesha wasafiri nguo, shanga na bunduki ili walipwe pembe za ndovu baada ya miaka, na aliyeaminiwa mali nyingi zaidi ndiye aliyehesabiwa kuwa mkubwa. Ndiyo maana hata alipokuwa na maelfu ya watu chini yake aliendelea kujieleza kama mfanyabiashara mwenye deni la kulipa.

Hata hivyo mkopo peke yake haukumpa nchi. Huko Utetela, nchi ya Watetela, alijitambulisha kwa mtemi Kasongo Rushie kuwa ni wa ukoo wake kwa upande wa bibi, akaachiwa utawala, na baadaye alilisimulia jambo hilo bila kuficha kwamba nasaba hiyo ilikuwa ya kubuni. Hamed alijivunia werevu wake sawa na vita alivyoshinda, na mwaka 1887 aliupokea uwali wa Stanley Falls, yaani ugavana chini ya Dola Huru ya Kongo, kama hatua nyingine ya kazi ile ile.

Kinachokosekana katika masimulizi hayo ni kizito kuliko kilichomo. Wapagazi na watumwa wa Maniema hupita kama sehemu ya mizigo, ilhali nchi yenyewe ilikuwa ikiumia. Mpelelezi na mmisionari wa Kiskoti David Livingstone, aliyekwama Bambarre, ndiyo Kabambare, kwa miezi mingi hadi Februari 1871 kwa vidonda vya miguu, akiishi kwa hisani ya wafanyabiashara hao hao wa pwani, aliwashuhudia watu wao mwezi Julai mwaka huo wakiufyatulia risasi umati wa soko la Nyangwe, kwenye mto Lualaba, wengi wao wakiwa wanawake. Historia ya uongozi wa biashara isiyoyataja hayo ni pungufu, hata ikiwa imeandikwa kwa ustadi.

Wakubwa wa ngazi ya pili walikua kwa njia tofauti. Sefu, mwanawe Tippu Tip, alirithi Kasongo baba yake alipoondoka mwaka 1890, bila kurithi subira yake katika mazungumzo na Wazungu. Ngongo Lutete, aliyepitia utumwa kabla ya kuwa jemadari, alimwacha Sefu mwaka 1892 na kujiunga na Wabelgiji wa Dola Huru ya Kongo, ambao walimwua Septemba 1893 kwa tuhuma za uhaini. Kasongo ilitekwa na majeshi ya Dola hiyo Aprili 1893, Sefu aliuawa vitani mwaka huo huo, na Kabambare ikaanguka Januari 1894, huku Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji aliyeshika mapambano ya mwisho, akikimbilia mashariki. Tippu Tip alikuwa Unguja wakati huo, na huko ndiko alikoyaandika maisha yake kabla ya kufariki Juni 1905.