Nani Aliyewalisha Wasparta?

Tunapoitaja Sparta darasani, tunataja kwanza ushujaa: wapiganaji 300 wa mfalme Leonidas waliokufa Thermopylae mwaka 480 K.K. wakiwazuia Waajemi. Mimi pia niliisoma hivyo, nikaihusudu. Katika insha hii nauliza swali moja lililonibadilishia mtazamo: raia hawa, ambao kazi yao ilikuwa vita, nani aliwalimia?

Jibu ni maheloti. Hawa walikuwa wakazi wa Lakonia na Messenia ambao Sparta iliwafunga kwenye ardhi. Walilima mashamba ya raia na kuwapelekea mavuno. Kutokana na mavuno hayo, kila raia alitoa mchango wa chakula kwenye meza ya pamoja. Aliyeshindwa kuutoa alipoteza uraia. Kwa hiyo, uraia wenyewe ulisimama juu ya jembe la mtu mwingine.

Watawaliwa walikuwa wengi kuliko watawala. Herodotus anaandika kwamba katika vita vya Plataea, mwaka 479 K.K., kila Msparta alifuatana na maheloti saba. Naona hapa ndipo ilipo siri ya nidhamu yao. Mtoto wa kiume alianza mafunzo akiwa na miaka saba kwa sababu adui hakuwa ng'ambo tu, alikuwa shambani. Plutarch, akimtaja Aristotle, anaeleza kuwa maefori, yaani viongozi watano waliochaguliwa kila mwaka, walipoingia madarakani waliwatangazia maheloti vita, ili kuwaua kusihesabiwe kuwa dhambi.

Wapo watakaosema kwamba Sparta ilikuwa na mema yake: wanawake walimiliki ardhi na kufanya mazoezi ya viungo, tofauti na wenzao wa Athens. Nakubali. Lakini ardhi hiyo nayo ililimwa na maheloti.

Mfumo huo haukudumu. Plataea walipigana raia 5,000. Leuctra, mwaka 371 K.K., walikuwapo 700 tu, na 400 kati yao wakauawa. Muda mfupi baadaye, Epaminondas wa Thebes aliikomboa Messenia, na watu wake wakajengewa mji wao, Messene. Bila mashamba yale, Sparta haikurudia tena ukuu wake.

Hata hivyo, sifa zake zilibaki. Rousseau aliisifu kwa uzalendo. Hitler aliisifu kama dola iliyojengwa juu ya rangi ya watu. Kila mmoja alichukua alichokitaka, ndiyo sababu tunapaswa kuupokea urithi huu kwa tahadhari. Herodotus anataja kwamba miongoni mwa maiti za Thermopylae walikuwamo pia maheloti. Wale 300 tunawakumbuka hadi leo. Idadi ya maheloti waliokufa pamoja nao hakuiandika.