Picha Zilizododa: Soko Lilivyoiunda Tingatinga

Uchoraji wa Tingatinga ulizaliwa kando ya barabara, mahali pa kuuzia, na jambo hilo limeamua sehemu kubwa ya historia yake. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Alianza kuchora mwaka 1968. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua vipande vya hadibodi vya kupigia dari, akavikata mraba, akavipaka rangi ya mafuta inayong'aa, ile ile iliyotumiwa kwenye baiskeli. Picha zake ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, kwa wageni waliokuwa wakiishi mtaa huo. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafariki dunia akiwa amechora kwa miaka minne tu.

Aliacha wanafunzi wachache, wengi wao ndugu na watu wa nyumbani kwao: January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata na wenzao. Urithi waliopokea ulikuwa mtindo pamoja na mahali pa kuuzia. Pamoja nao ulikuja mzigo unaosahaulika na wengi wanaoisifu sanaa hii, yaani picha inayododa.

Uzito wa mzigo huo unaonekana katika rangi yenyewe. Mchoraji hupaka kwanza usuli wa rangi moja, kisha husubiri. Rangi ya mafuta haikauki upesi. Ukiigusa mapema kidole kinanata na alama inabaki. Ndipo mnyama huwekwa juu yake, tabaka kwa tabaka, na madoadoa na macho huja mwisho kwa brashi nyembamba. Wakati wa masika, hewa ikiwa na unyevu, kusubiri huko hurefuka zaidi. Kwa hiyo mwenye nia ya kuuza kwenye tamasha linalovuta wageni hawezi kungoja kuona wateja ndipo achore. Hununua ubao na rangi wiki nyingi kabla, na mtaji wote unakuwa umelala ukutani siku ya kwanza ya tamasha.

Zanzibar imekuwa na matamasha makubwa ya namna hiyo. Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi lilianza mwaka 1998, na Sauti za Busara likafuata mwaka 2004; yote mawili yamefanyika Ngome Kongwe, Mji Mkongwe, ambako picha za Tingatinga zinauzwa vichochoroni mwaka mzima. Lakini umati wa tamasha si umati wa wanunuzi wa picha. Mgeni amekuja kwa ajili ya muziki au filamu, amekwisha lipia tiketi na malazi, na begi lake ni la mgongoni. Anasimama, anasifu, anauliza bei ya chui mkubwa, anaondoka na kipicha cha kuingia mfukoni.

Wachoraji walijifunza kujikinga. Hadibodi, nzito na isiyokunjika, ilipisha kitambaa kinachoweza kuviringishwa na kutiwa kwenye sanduku la safari. Saizi zilipungua. Na mchoro uliouzika ulirudiwa: twiga wale wale, ndege wale wale, mara kumi, mara mia, bila mchoraji kuona haya kuchukua wazo la mwenzake. Wahakiki wengi wameuita urudiaji huo uvivu. Hukumu hiyo haiwatendei haki. Kwa mtu ambaye kodi ya chumba inategemea mauzo ya wiki, picha iliyokwisha pata mnunuzi jana ndiyo dhamana pekee aliyo nayo, na picha mpya kabisa ni kamari. Hasara ya kweli ni kwamba wenye vipaji vya kubuni walijikuta wakivizuia.

Kinga nyingine ilikuwa mali kauli. Mwenye duka hupokea picha bila kulipa, akaahidi fedha picha zikishauzwa. Mchoraji anapata ukuta wa kutundikia, lakini hatari yote inabaki kwake. Picha isiponunuliwa, mchoraji hurudishiwa ikiwa imefifia au imekwaruzika.

Jibu lililodumu zaidi lilikuwa la pamoja. Wachoraji walioendelea kufanya kazi Oysterbay waliunda chama cha ushirika mwaka 1990, kilichowapa mahali pamoja pa kuchorea na kuuzia. Ushirika haukuwaletea wanunuzi wasiokuwepo, ila ulimwezesha ambaye hakuuza kubaki kazini karibu na aliyeuza, akaazima rangi, akapokea sehemu ya agizo kubwa.

Udhaifu mmoja haukupata dawa. Tangu siku za Morogoro Stores mnunuzi mkuu amekuwa mgeni, na mwaka 2020, korona iliposimamisha safari za ndege, mteja huyo alitoweka mara moja. Nyumba za Kitanzania zenye Tingatinga ukutani ni chache mno kwa sanaa iliyozaliwa Dar es Salaam. Wakati huo huo, hadibodi alizochora Tingatinga mwenyewe na kuziuza kwa shilingi chache hupigwa mnada Ulaya kwa maelfu ya dola, na wanaozinadi ni warithi wa wale walionunua kando ya barabara, au waliouziwa nao.