Ngome Isiyo na Mawe: Ziara ya Kaya za Rabai

Mwalimu wa Kiswahili akiuliza darasani kuhusu ngome ya pwani, wanafunzi hujibu kwa sauti moja: Ngome ya Yesu ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Safari hii tuliwapeleka wanafunzi wetu kutoka Uganda kwenye ngome ya namna nyingine, juu ya vilima vya Rabai, nyuma ya Mombasa.

Tulipanda kwa miguu tukiongozwa na mzee wa kaya, maana mgeni haingii bila idhini ya wazee. Mashamba ya minazi yanakwisha ghafla na msitu unaanza. Njia inakuwa nyembamba, watu wanapita mmoja mmoja. Wembamba huo ndio uliokuwa ulinzi wenyewe. Kijiji kilikuwa katika uwanda wa katikati, na adui hakuweza kukifikia ila kwa njia chache zenye malango. Hapo ndipo lilipozikwa fingo, yaani kinga ya mji. Ukuta ulikuwa msitu, na hadi leo kukata mti wake ni mwiko.

Masimulizi ya Wamijikenda yanasema wazee wao walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini. Wanahistoria wamebishana sana juu ya safari hiyo, nasi hatutawaamua hapa. Kaya zilianza kukaliwa karne ya 16, na kufikia miaka ya 1940 wakazi walikuwa wamekwisha kuhamia mashambani. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu ya kaya katika orodha ya Urithi wa Dunia, Rabai ikiwamo.

Lakini kilichotushika zaidi ni lugha. Kaya mojawapo ya Rabai huitwa Mudzi Muvya, na wanafunzi hawakuhitaji mkalimani: mji mpya. Mzee alipotaja madzi na dzina, walikwisha kuandika wenyewe kwamba *dz* ya huko ni *j* ya Kiswahili. Jina Mijikenda nalo linahifadhi kenda, neno la Kibantu ambalo tisa ya Kiarabu imelisukuma pembeni. Jina hili lilienea kuanzia miaka ya 1940. Kabla ya hapo watu hawa waliitwa Wanyika, watu wa porini, jina walilopewa na wengine. Hata Johann Ludwig Krapf, aliyeanzisha misheni hapa Rabai mwaka 1846, aliwaandika hivyo. Kamusi yake ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, bado tunaitaja darasani. Vilima alivyoishi navyo havitajwi.

Wakati wa kushuka mwanafunzi mmoja alimwambia mzee kwamba kwenye sensa ya Tanzania karani huuliza kaya ina watu wangapi, yaani wale wanaokula chungu kimoja. Mzee alicheka. Kwake, alisema, kaya ni mji mzima, pamoja na waliozikwa humo.