"Call off" si kupigiwa simu: darasa la Kiingereza pale Kikopey

Mwezi uliopita nilimpeleka mpwa wangu kutoka Mombasa hadi Nakuru, safari ya zaidi ya kilomita 600, kwa mahojiano ya kazi ya kuendesha watalii. Tulipofika tukaambiwa hakuna mahojiano, na kwamba aliarifiwa tangu juzi. Akatoa simu akanionyesha ujumbe: "The interview has been called off."

"Mjomba, si wamesema tumeitwa?"

Kijana amemaliza kidato cha nne. "Call" anaijua, "off" anaijua. Yakikaa pamoja maana yake ni kufuta.

Tukirudi tulisimama Kikopey, karibu na Gilgil, ambapo wasafiri wa barabara kuu ya Nairobi na Nakuru hula nyama choma. Tuliuliza kwanza nani amechinja, tukaridhika, tukaagiza mbuzi. Tukingoja iive, nilimwandikia haya nyuma ya risiti ya petroli. Nawapa nanyi.

Vitenzi vya maneno mawili

Kiswahili hubadilisha mkia wa kitenzi: funga, fungua, fungia. Kiingereza huongeza kijineno nyuma. "Turn on" ni kuwasha, "turn off" ni kuzima, "turn down" ni kukataa ombi au kupunguza sauti, "turn up" ni kutokea mahali. Usitafsiri neno mojamoja. Mgeni akitafsiri hivyo "piga pasi" yetu, atadhani pasi inachapwa.

Kwa dereva, anza na haya:

- Set off: kuanza safari.
- Pick up: kumchukua abiria.
- Drop off: kumteremsha. Sisi husema "pick me" na "drop me" tukaelewana, lakini kwenye mahojiano sema kamili.
- Pull over: kusimamisha gari kando ya barabara.
- Break down: gari kuharibika.
- Run out of: kuishiwa, kwa mfano mafuta.
- Put off: kuahirisha. Usiichanganye na "call off".

Ya mezani

"Well done" tuliandikiwa na mwalimu daftarini, yaani hongera. Kwa nyama, ni iliyoiva kabisa. "Rare" hapa si adimu, ni nyama iliyochomwa juu tu na ndani bado nyekundu. "Chip in" ni kuchanga pesa. "On the house" ni bure, mwenye hoteli amekukirimu.

Nahau na misimu

"Cost an arm and a leg" ni kuwa ghali mno. "Bring home the bacon" ni kutafutia familia riziki. Mpwa wangu aliposikia kwamba bacon ni nyama ya nguruwe, alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Usikasirike ukiambiwa hivyo, anayekwambia anakusifu.

Misimu ya vijana: "broke" ni kukosa hela, "beef" ni ugomvi, "my bad" ni kosa langu. Ielewe, lakini usiitie kwenye barua ya kazi.

Jihadhari pia na Kiingereza chetu. Mtu huinuka akaenda zake huku akisema "I'm coming", kama tunavyosema "naja". Mgeni hushangaa, maana anakuona unaondoka. Sema "I'll be right back".

Namna ya kujifunza

Weka daftari. Andika sentensi nzima uliyoisikia, si neno peke yake, kisha itunge upya kwa mambo yako mwenyewe. Isome kwa sauti. Matano kwa siku yatosha.

La mwisho ndilo kubwa: usipoelewa, uliza. "Do you mean it is cancelled?" Swali hilo moja lingetuokolea petroli ya kwenda na kurudi. Kijana hakuuliza kwa kuona haya, akiogopa waajiri watajua Kiingereza chake ni kidogo.

Sasa ana daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika "call off".